Mbwa ana pua ya kuokoa watu, lakini nyumba haijakubali

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga. Naishi kusini mwa Seattle, jimbo la Washington, na huu ni mwaka wa 11. Nimeolewa, tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, zamu tatu za saa 12 kwa wiki. Mume wangu anaendesha lori la kusambaza vyakula. Hutoka nyumbani saa tisa usiku na kurudi saa nane mchana.

Mwaka juzi mzee mmoja wa pale kazini, mwenye ugonjwa wa kusahau, alitoka kwa mlango wa nyuma jioni, akapotea. Polisi walizunguka mitaani, sisi tukaita jina lake mpaka sauti zikakauka. Asubuhi alipatikana na mbwa wa kikundi cha kujitolea cha kutafuta waliopotea. Alikuwa amejikunja ndani ya kichaka cha miba, kama mita 300 kutoka mlangoni. Tulikuwa tumepita pale mara nne au tano. Alikuwa hai.

Baadaye jirani aliyekuwa anahama alituachia mbwa wake, chotara wa Labrador, dume aliyehasiwa. Watoto wakamwita Duma. Sasa ana miezi 14 na kilo 28. Nilipoona hachoki kutafuta mpira hata ukipotelea kwenye nyasi ndefu, nikawaandikia walewale waliompata mzee. Walituita kwa majaribio. Walimpima kama anaogopa mlio wa msumeno wa injini, ngazi zenye matundu, watu wenye kofia na magongo, na mbwa wenzake. Kisha wakauficha mpira kwenye magugu, wakahesabu dakika atakazotafuta kabla ya kukata tamaa. Hakukata tamaa. Msimamizi akaniambia mbwa wa namna hii hawampati kila mwaka.

Huu ni mwezi wa tatu tunafanya mazoezi: Jumatano jioni kwa muda wa saa tatu nzima, Jumapili kutwa, na mwendo wa dakika 55 kwenda na 55 kurudi. Nimeambiwa nijiandae kwa miezi 18 hadi 24 kabla ya mtihani. Nimeshatumia dola 1,340 kwa buti, nguo za mvua, begi la mgongoni, dira, tochi za kichwani na kifaa cha GPS cha mkononi. Bado kola ya GPS ya mbwa na redio.

Mume wangu si mtu mbaya. Mwanzoni alicheka, akanibebea begi. Lakini wiki iliyopita kikundi kiliitwa saa saba usiku. Mimi bado si wa kuitwa, ila nimo kwenye orodha ya taarifa, simu ikalia. Akaamka, akakaa kitandani, akasema: "Mimi nilioa mke, sikuoa kikosi cha uokoaji. Siku ikilia na mimi niko barabarani, watoto unawaacha na nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo anazungumza nami kwa adabu, kama mgeni.

Juu ya hayo, mama yangu anakuja baada ya miezi miwili kukaa nasi miezi sita. Mama ni mtu wa swala tano, na hajui kuwa nina mbwa. Akipiga simu ya video namfungia Duma gereji. Najua atakachosema: malaika hawaingii nyumba yenye mbwa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Novemba 2024, jengo la Kariakoo lilipoanguka, nilikesha kwenye simu nikitazama watu wakichimba kwa mikono huku walionaswa chini wakipiga simu. Nikajiapiza kuwa siku moja nitarudi nyumbani na mbwa aliyefunzwa.

Kikundi kinataka nisaini ahadi ya miaka miwili kabla ya mwisho wa mwezi. Nikisaini naihofia ndoa. Nisiposaini nitakuwa nimekizika kipaji cha mbwa huyu, na kuna mzee mwingine mahali fulani atafia kichakani kwa sababu mimi nilibaki nyumbani. Nifanyeje?

Mwenye Duma, Washington

*

Marahaba, mwanangu.

Kama nimekusoma sawasawa, unaona mizani mbele yako: upande mmoja mume, watoto na mama, upande mwingine mbwa, wazee wanaopotea na Kariakoo. Unaogopa kwamba utakapoweka saini, upande mmoja utaanguka. Naomba tuvishushe vitu hivyo kimoja kimoja tuvishike mkononi. Baadhi yake si vizito kama unavyodhani, na kuna kimoja kizito ambacho hukukiweka kabisa.

Nianze na Duma. Siku ile ya majaribio alionyesha hamu ya mpira isiyokatika. Hamu hiyo ndiyo msingi wa kazi hii, na msimamizi hakukudanganya. Lakini mbwa wa miezi 14 ni kijana wa balehe. Wapo wanaong'ara katika umri huo, halafu wakifika miaka miwili wanaanza kugombana na mbwa wenzao, au wanachoka baada ya dakika 40 za msitu mtupu usio na mtu. Nyonga na viwiko vyake pia havijulikani bado: picha rasmi za eksirei hupimwa akitimiza miezi 24, na mwenye nyonga mbovu hafai kurukishwa magogo miaka minane. Kwa hiyo unachoogopa kukizika bado ni mbegu. Tena yeye mwenyewe hajui kuwa ameitwa kuokoa watu. Anachokijua ni mchezo wa kutafuta, na mchezo huo unaweza kumpa hata kama hutasaini karatasi yoyote.

Pua alizaliwa nayo. Ile miezi 18 au 24 inakwenda zaidi kwako wewe. Umeshaona hatua za mwanzo: mtu anashika mpira wake, anakimbia mita 15 mbele ya macho yake, anajificha nyuma ya mti, Duma anaachiwa. Kisha mtu anajificha mbwa asimwone. Kisha dakika zinapita kabla ya kumwachia. Kisha eneo linapanuka, wewe mwongozaji hujui mtu yuko wapi, na mwishoni hakuna hata mmoja aliyepo anayejua, na siku nyingine hakuna mtu ndani ya eneo kabisa. Kila hatua inarudiwa kwa watu tofauti: mwanamume, mwanamke, mtoto, aliyelala, aliyepanda mti, aliyejifunika blanketi. Ukiruka hatua kwa kuwa una haraka, mbwa hujifunza mambo mengine. Hujifunza kufuata nyayo mbichi za aliyetoka kujificha, au kukimbilia mahali alipompata mtu Jumapili iliyopita. Mara nyingi hujifunza kukusoma wewe, kwa sababu bila kujijua unageuza bega kuelekea mtu alipo. Na mpira lazima atoe yule aliyejificha, palepale, ndani ya sekunde chache. Ukifika umechelewa ukautoa kwenye begi lako, mbwa anaelewa kuwa kizuri kiko kwako, na siku ya kweli atamwacha aliyepotea akufuate.

Halafu kuna upepo. Wewe mtu wa pwani una mwanzo mzuri, maana wavuvi wa kwenu wanajua joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Harufu ya mtu inatiririka kwenda demani na kupanuka kadiri inavyokwenda mbali. Mwongozaji huanza kutafuta kutoka demani, akikata upepo kwa upande, huku na huku, ili mbwa akutane na ule mkondo. Kichupa cha poda kinaonyesha upepo unavyokwenda pale uliposimama, ila mita 50 mbele, kwenye korongo, unaweza kuwa mwingine. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jioni hushuka bondeni na harufu hutuama chini kama maji. Mtu yuleyule ambaye mbwa angemnusa asubuhi akiwa juu ya mteremko, jioni inabidi umtafute kutoka chini. Hayo yote unayafikiri ukiwa umebeba begi, unasikiliza redio, mvua inanyesha, usiku, ndani ya eneo ambalo huenda lina ekari 40 na huenda lina 160. Ukitoka unaulizwa: una uhakika kiasi gani kwamba humo hamna mtu?

Hapo ndipo penye lile jambo zito ambalo hukuliweka kwenye mizani. Eneo likishatiwa alama kuwa limetafutwa, watu huhamia jingine, na si rahisi kurudi leo. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mlipita karibu na kile kichaka mara nne au tano. Mwongozaji anayefika mazoezini wiki moja kati ya tatu hapotezi pua ya mbwa. Kinachopotea ni makini ya mbwa katika kutoa ishara, na jicho la mwongozaji mwenyewe la kuona kichwa cha mbwa kikigeuka ghafla na mkia kubadilika. Akipita kichaka chenye mtu akasema hamna, amemwacha pabaya zaidi kuliko kama asingekwenda. Sikuambii haya nikutishe. Nakuambia kwa sababu nahisi unajisemea moyoni kwamba kutoa nusu ni bora kuliko kutotoa, na katika kazi hii nusu inaweza kudhuru.

Sasa mume. Nimelisoma swali lake mara mbili, na nakuomba nawe ulisome bila ile hasira ya saa saba usiku. Ameuliza watoto wanabaki na nani. Hilo ni swali ambalo hata msimamizi wako angepaswa kukuuliza. Wito mwingi huja jioni na usiku, kwa sababu wapanda milima hugundulika hawajarudi giza likiingia, na wazee hugundulika hawapo saa ya chakula. Mume anaondoka saa tisa usiku. Wito wa saa nne usiku unaweza kukuweka msituni mpaka kesho mchana. Hesabu haikubali, na wala si suala la mapenzi.

Inawezekana anampinga mbwa. Inawezekana pia hampingi mbwa wala kikundi, ila ameona ameandikishwa kujitolea bila kuulizwa. Anayebaki na watoto mwenzake akiwa kwenye milima ya Cascade naye anafanya kazi ya uokoaji, tena ile isiyo na fulana ya rangi ya chungwa. Je, uliwahi kumuomba, au ulimjulisha? Ukiamua kumuomba, usiende na picha za mbwa. Nenda na kalenda ya wiki yenu, zamu zako tatu na safari zake, muone pamoja ni usiku upi unawezekana na upi hauwezekani kabisa. Huenda mkakuta ni usiku wa Ijumaa na Jumamosi peke yake.

Kabla ya mazungumzo hayo, kaa na msimamizi umuulize mambo yenye majibu ya wazi. Naruhusiwa kukosa mazoezi mangapi kwa mwezi? Nikishafaulu, natakiwa kuitikia miito mingapi kwa mwaka? Naweza kujiandikisha kuwa sipatikani siku za kazi? Nikijitoa katikati, kuna ninachodaiwa? Vikundi vingi humwacha kila mtu ajibu ndiyo au hapana kwa kila wito, bila kuulizwa sababu, lakini sijaiona karatasi yako, na ahadi ya miaka miwili inaweza kuwa ya mazoezi tu au ya vyote. Pengine unaogopa kitu ambacho hakijaandikwa humo.

Muulize pia kuhusu bima, kwa sababu mume wako ni dereva na atataka kujua. Washington, utafutaji wa waliopotea ni jukumu la sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa kila kaunti, na wanaojitolea husajiliwa kama wafanyakazi wa dharura. Jimbo huupa kila wito namba, na hata mazoezi yaliyoidhinishwa hupewa yake. Namba hiyo ndiyo inayokulinda ukivunjika mguu. Anayejiendea mwenyewe na mbwa wake kwa kuwa amesikia habari redioni hana kinga hiyo, na zaidi ya hapo anavuruga harufu ya eneo. Uliza kama matibabu ya mbwa yamo, usidhani tu. Kuhusu fedha, kola ya GPS na kifaa chake vinaweza kufika dola 700 au zaidi, kwa hiyo vikundi vingine huazimana mpaka mtu afaulu. Kama kikundi kimesajiliwa kama shirika la hisani, senti 14 kwa kila maili unayoendesha zinaweza kuingia kwenye makato ya kodi kwa anayeorodhesha makato yake. Si nyingi, ila weka daftari.

Kati ya kusaini na kuacha kuna njia ambazo barua yako haikuzitaja. Unaweza kuingia bila mbwa. Mwongozaji wa Duma wa kesho anaweza leo kuwa msaidizi wa mwongozaji mwingine: wewe unashika ramani, redio na saa, unaangalia korongo na nyaya za umeme, ili mwenzako asiondoe macho kwa mbwa wake. Vikundi vina uhaba wa watu hawa kuliko wa mbwa. Na hakuna mazoezi bila mtu wa kukaa saa mbili chini ya mti kwenye mvua akisubiri kupatikana. Ukianza hivyo, unajifunza ramani na upepo bila kuwa na mbwa anayepitwa na hatua ukikosa Jumapili. Duma anaweza kusubiri. Mbwa aliyeanza na miaka miwili na nusu bado ana miaka mingi ya kazi, maana wengi hufanya mpaka miaka minane, wengine kumi. Hatari yake ni kwamba utawatazama mbwa wa wenzako roho ikuume, na Duma asipopewa kazi ya pua atajipa ya meno kwenye makochi. Dakika 10, mara tatu kwa wiki, watoto wajifiche bustanini wakiwa na mpira wake, zinamtosha kwa sasa. Waambie wasimwite na wasicheke mpaka awafikie.

Njia nyingine ni kumfunza Duma kutafuta mabaki ya waliokwisha kufa. Wito wake hauna haraka ileile na mara nyingi hupangwa siku kadhaa mbele, hata mwishoni mwa wiki, jambo ambalo linaendana na ratiba ya mume. Lakini vifaa vya mazoezi ni damu, meno, kondo la nyuma lililotolewa kwa hiari, na mwongozaji huvitunza mwenyewe kwenye mitungi ya kioo, kwenye friji ya pembeni. Mkiwa na mama ndani ya nyumba, fikiri sana. Fikiria na moyo wako pia. Maporomoko ya Oso, hukohuko Washington, tarehe 22 Machi 2014, yaliua watu 43, na wa mwisho alipatikana Julai, baada ya miezi minne. Kazi kubwa ya mbwa pale ilikuwa kuwapa ndugu mwili wa kuzika. Hata ukibaki na mbwa wa kutafuta walio hai, safari nyingi zitaishia njiani kwa taarifa kwamba mtu amepatikana, nyingine bila kitu, na nyingine kwa msiba. Asubuhi ya yule mzee wenu ilikuwa asubuhi ya nadra, na ndiyo pekee uliyoishuhudia.

Unaweza pia kusaini kwa masharti mliyoandika na mume: miezi sita, kisha mnakaa tena. Hatari ni kwamba mwezi wa sita ukifika Duma atakuwa ameanza kufanya vizuri, na kuacha kutauma zaidi kuliko leo.

Na hapo kazini kwako, mwanangu, kuna uokoaji unaoweza kuanza Jumatatu bila mbwa. Mbwa anayefuata njia ya mtu mmoja anahitaji kitu chenye harufu ya huyo mtu peke yake, na kwenye nyumba za wazee ni shida kukipata, kwa sababu nguo hufuliwa pamoja na mashuka hukunjwa na mikono kumi. Ongea na mkuu wako, na familia ziridhie, muwawekee akiba wazee wanaopenda kutoka. Vaa glavu mpya, chukua soksi au fulana ya ndani aliyoilalia usiku mmoja, itie kwenye mfuko safi usio na manukato, ufunge, uandike jina na tarehe. Mifuko ya takataka yenye marashi haifai. Badilisheni baada ya miezi michache. Mzee akipotea, pigeni namba ya dharura, 911, mara moja, fungeni chumba chake, msitandue kitanda, na msikanyagane kwenye mlango aliotokea. Andikeni saa aliyoonekana mwisho na viatu alivyovaa. Na kumbukeni kwamba mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi haitikii jina lake hata akilisikia. Huenda mbele mpaka kitu kimzuie, na kinachomzuia mara nyingi ni kichaka kilicho karibu. Kwa hiyo mmoja aite na wengine wainame, wamulike ndani ya miba. Umesema kuna mzee atafia kichakani kwa sababu wewe ulibaki nyumbani. Siwezi kukubali ujibebeshe hilo, na ninadhani ukiwa na glavu na mifuko pale kazini unaweza kuwa karibu na mzee huyo kuliko ukiwa na Duma msituni.

Kariakoo imeniuma kama ilivyokuuma, kwa hiyo nitasema taratibu. Mbwa wa msituni na mbwa wa vifusi hawana mafunzo sawa. Wa vifusi hutembea juu ya zege lililovunjika bila mkanda wowote mwilini usije ukanasa, hufuata ishara za mkono kutoka mbali, na hubweka mfululizo juu ya mtu asiyemwona. Washington kuna kikosi cha kazi hiyo kilicho chini ya mpango wa serikali ya shirikisho, kituo chake kiko kaunti ya Pierce, na ukiitwa unaweza kuondoka hadi siku 14. Kuvuka mipaka ni jambo la serikali mwenyeji kuomba na vikosi kupangwa chini ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa. Mtu mmoja na mbwa wake hawezi kupanda ndege tu, na waliofukiwa wengi wanaopona hutolewa siku za mwanzo, kabla yeye hajafika. Lakini elimu haihitaji kibali cha mifugo. Namna ya kugawa eneo, ya kunyamazisha mashine na watu wote kwa dakika ili kusikiliza, ya kuandika nani ameingia wapi, ukiishika huko unaweza kuja kuwafundisha vijana wa Msalaba Mwekundu wa Tanzania ukiwa likizo.

Nimemwacha mama mwisho kwa makusudi. Mimi si shehe, na ni vizuri ukamuuliza wako. Ninachokijua ni kwamba watu wa pwani wengi hufuata madhehebu ya Shafii, ambako alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwamba Wamaliki wana mtazamo mwepesi zaidi. Aya ya nne ya Surat al-Maida inaruhusu windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na hadithi zinamtaja mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda shamba. Kama mbwa wa kutafuta watu anaingia katika maana hiyo, mwachie mwenye elimu aseme, na mama asikie kutoka kwake, si kutoka kwako. Lako ni nyumba. Chumba cha mama na njia ya kwenda bafuni visifikiwe na Duma hata siku moja. Gereji iwe kwake, na kitanda kilichoinuliwa sakafuni, maana unyevu wa huko ni mbaya kwa viungo. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Nguo zako za mazoezi zibaki gereji na zifuliwe peke yake. Ukiweza kuyafanya hayo wiki nane kabla ya safari, hata mume ataona kwamba jambo hili lina mipaka.

Ila usingoje mama akutane na Duma mlangoni akiwa amechoka na safari. Mwambie kabla ya tiketi kukatwa, ili akitaka kuahirisha aweze. Inawezekana akakasirika, inawezekana akauliza maswali ambayo huyatarajii. Ukipiga simu hiyo, usianze na mbwa. Anza na yule mzee: alitokea mlango gani, mliitaje, alikuwa mita ngapi. Mama atakuuliza mwenyewe nani alimwona.